Mama Muzalishi na Mji wa Konji

Jirani yetu pale Kasongo tulimwita Mama Muzalishi. Kazi yake ilikuwa kuzalisha wanawake, na hakuna aliyethubutu kumwita kwa jina lake. Mimi alinipokea kwa mikono yake, na dada yangu mdogo, Furaha, vilevile. Ukitembea barabara yetu kutoka sokoni hadi materniti, hospitali ya wazazi, nusu ya watu utakaowasalimu walipitia mikononi mwake, wakiwemo wanaume wenye ndevu ambao bado aliwauliza mbele za watu kama wameoga.

Alikuwa mwanamke mfupi, mpana, mwenye mwendo wa haraka na sauti ndogo. Hakupaza sauti hata siku moja. Kwa mwanamke mwenye uchungu alikuwa na maneno yaleyale: "Mi niko hapa. Weye fanya kazi yako." Mama yangu aliniambia kwamba alipoyasikia maneno hayo, usiku wangu na usiku wa Furaha, woga ulimtoka akabaki na maumivu tu, na maumivu peke yake aliyaweza. Kwa waume waliozungukazunguka nje ya mlango alikuwa na neno lingine. Aliwaambia waende kula. Mwanamume mwenye njaa, alisema, anasumbua materniti kuliko mbuzi.

Kwa sababu hiyo wengine walidhani ni mtu mgumu. Kweli alikuwa mgumu kwenye kazi. Nje ya kazi alikuwa mtu wa kula, mtu wa kucheka, na mwoga wa vitu vidogovidogo. Aliogopa mtumbwi. Aliogopa radi. Pikipiki yangu aliiogopa zaidi ya vyote. Nikimbeba alifumba macho tangu mwanzo wa safari mpaka mwisho, huku akiniongoza. "Punguza. Kuna shimo." Nami namwuliza, "Mama, shimo umelionaje?" Anajibu, "Mi najua hii barabara. Punguza."

Aliingia jikoni kwetu bila hodi, akafunua sufuria ya majani ya muhogo, akanusa. "Sombe hii mumeiharakisha," alimwambia mama yangu, kisha akatoka. Mama alinuna, alisema maneno mengi mtu yule akishaondoka, lakini sufuria aliirudisha motoni. Jioni tulikula sombe laini, na hakuna aliyetaja habari ya jirani.

Na alipenda malafu, yale maji meupe yanayogemwa juu ya mngazi, mti wa mawese. Alipenda hasa ya asubuhi, yangali matamu, kabla jua halijayachachusha. Angeweza kusimama njiani na mgema akazungumza habari za miti yake kama watu wengine wanavyozungumza habari za watoto: mti upi mvivu, upi umechoka, upi ndio kwanza unaanza kutoa. Lakini hakuna mtu wa Kasongo aliyewahi kumwona akinywa. Hata kwenye ndoa, hata Krismasi, kikombe kilimpita. Alikuwa na sheria yake. Mahali ambapo anaweza kuitwa kuzalisha, hataonja tone.

"Mutoto akikuja, anapaswa kukuta mikono iko yangu," alisema. "Haitafaa akute iko ya malafu."

Basi Kasongo angeweza kuitwa saa yoyote, siku yoyote. Malafu yake ikabidi ayafuate mji mwingine.

Mume wake alikuwa fundi wa kushona, tulimwita Papa Fundi. Alikuwa Mwislamu, mrefu, mwembamba, mwenye kusali sala zake zote, na pombe hakuigusa. Kazi yake katika ndoa ile, alisema mwenyewe, ilikuwa kula. Kila kiangazi, njia zikikauka, alifunika mashine yake kwa kitambaa, mke wake akaomba konji, likizo yake, kule materniti, wakafunga safari. Watu walicheka. Kwetu mtu anasafiri kwa sababu ya matanga, ugonjwa, ao biashara. Wazee wawili wanaosafiri ili wakale, huku kila mtu akijua kwamba kwao mchele umejaa, hilo lilikuwa jambo jipya.

Papa Fundi aliwajibu bila kuinua macho kwenye nguo. "Nyinyi mukienda matanga, munalia tu? Si munakula? Sisi tunakula bila kulia."

Kuchagua mji ndiko kulikokuwa vita. Wiki nzima kabla ya konji walikaa kibarazani pao wakibishana, nasi upande wa pili wa ua tulisikia kila neno. Papa Fundi alitaka mji wenye jiko zuri. Mama Muzalishi alitaka mji wenye wagema hodari. Halafu kulikuwa na sharti la tatu, lililozidi yote mawili: lazima mji uwe na mzalishi mwingine, mtu ambaye mikono yake inaaminika, ili yeye asiitwe. Na kwa kuwa mimi nafanya kazi ya pikipiki, na njia zote za Kasongo na Kabambare ninazipita, waliniita niwe shahidi.

"Salamabila kunakuwa chakula?" Papa Fundi aliniuliza mwaka mmoja.

"Kipo kingi, Papa. Wachimba dhahabu wanakula sana."

Mama Muzalishi alikataa kabla sijamaliza. "Kule watu wanakula wamesimama. Mi siwezi kwenda konji mahali watu wanakula wamesimama."

Walikwenda Nyangwe. Samaki wa Lualaba, wali, pilipili, na wagema ng'ambo ya mto ambao sifa zao zilifika mpaka kwetu. Mama Muzalishi alivuka kwa mtumbwi amejifunika kitenge usoni. Asubuhi ya kwanza wakaleta malafu, akakaa, akakishika kikombe, na papo hapo akaja mtu anakimbia: mzalishi wa pale amekwenda kuzika ndugu yake, na kuna binti ana uchungu tangu jana. Kikombe alikiweka chini kimejaa. Alirudi jioni, miguu imevimba, mtoto mzima na mama mzima, na kesho yake akaja mwingine. Papa Fundi alikula samaki peke yake mpaka konji ikaisha.

Mwaka uliofuata walichagua Kabambare. Mara hii nilitumwa mapema nihakikishe. Mzalishi yupo, nilimwona kwa macho yangu, hasafiri. Walifika wakapokewa vizuri. Tatizo lilikuwa sifa. Wanawake waliposikia kwamba Mama Muzalishi wa Kasongo yuko mjini, walikataa kuzalishwa na mtu mwingine. Mmoja alitembea kutoka kijijini kwao tumbo mbele, akaketi mlangoni pa nyumba walimofikia, akasema haondoki. Mama hakuwa na moyo wa kumwambia hapana. Hakuna mwaka aliomwambia mtu hapana. Hapo ndipo nilipoona kwamba mtu yule, ambaye aliwaamrisha waume na mabibi na hata wakubwa wa materniti, hakuweza kujiamrisha mwenyewe kukaa.

Papa Fundi hakulalamika mbele za watu. Lakini siku moja nilipompelekea suruali ya kushona aliniambia, kwa sauti ya kawaida, "Mimi nimekula peke yangu katika miji yote ya huku. Nikiona sahani mbele yangu najua bibi yangu iko anakimbia." Kisha akakanyaga mashine.

Katikati ya miaka hiyo Furaha alimaliza masomo yake ya uuguzi akapelekwa materniti chini ya Mama Muzalishi. Tulifurahi nyumbani, jirani atamlea. Furaha alirudi siku ya kwanza akilia. Alirudi akilia siku nyingi. Mama Muzalishi hakumtukana, ila alimrudisha nyuma. Furaha akishafunga kitambaa, yeye anakifungua, anamwambia funga tena. Furaha akigusa tumbo la mwanamke, anamwuliza, "Mutoto amelalaje?" Akisita, anaambiwa anawe mikono aanze upya. Hakumpa jibu hata mara moja. Alimwuliza tu mikono yake imemwambia nini.

"Hanipendi," Furaha alimwambia mama yetu.

Mama yetu alikwenda kumwuliza jirani kupitia ua kama ni kweli. Mama Muzalishi alikuwa anachambua mchele. "Nani amesema habari ya kupenda?" alijibu. "Mi namtafutia mikono."

Baadaye Furaha alipewa kazi Lusangi, katika kituo cha afya, yeye na muuguzi mmoja wa dawa. Mahali padogo, watu wa mashamba na wachimbaji wachache. Alikwenda akiwa na sanduku moja na hofu nyingi.

Kiangazi kilichopita, wakati wa kubishana ulipofika, Papa Fundi alikuwa amejiandaa. Alitaka Nyangwe tena, kwa ajili ya samaki. Mke wake alimwacha amalize, kisha akasema, "Tunaenda Lusangi."

Papa Fundi alinigeukia mimi. "Lusangi iko nini?"

Nilifikiri. Hakuna mto mkubwa, soko ni dogo. "Kuku, Papa. Uyoga. Mchele wa mlimani."

"Na malafu?"

"Yapo. Mgema wao wanamsifu."

"Iko Furaha," Mama Muzalishi alisema, akaingia ndani kufunga mizigo.

Niliwapeleka mimi na mwenzangu, pikipiki mbili. Furaha alitupokea uwanjani kwake, nyumba ndogo iliyotazamana na mlango wa kituo, ua mmoja. Alikuwa amenenepa kidogo. Alimpigia Mama magoti akimsalimu, na Mama akamtazama mikono kwanza, uso baadaye.

Siku ya pili, mchana, jua likiwa juu bado, tulikaa kwenye mkeka kivulini pa nyumba. Furaha alikuwa amepika kuku kwa mafuta mekundu ya ngazi, na uyoga pembeni, na wali. Papa Fundi alikula kimya, jambo ambalo kwake lilikuwa sifa. Mgema, mzee wa Kibangubangu asiyependa maneno, alileta kibuyu akakiweka mbele ya Mama. Furaha alimmiminia.

Mama Muzalishi alikishika kikombe kwa mikono miwili. Papa Fundi aliacha kutafuna. Mimi nilitazama njia kama mtu anayengoja habari mbaya, na njia ilikuwa tupu. Akanywa.

"Iko muzuri?" Papa Fundi aliuliza.

"Nyamaza kwanza."

Akanywa tena, mpaka chini. Alifumba macho, akakaa hivyo. "Huyu mutu anajua miti yake," alisema, na akaomba kikombe cha pili. Papa Fundi alicheka mpaka akalazimika kuweka sahani chini. Miaka mingi ya ndoa, na ilikuwa mara ya kwanza anakula huku mke wake anakunywa.

Kikombe cha pili kilikuwa kimefika nusu tulipoisikia pikipiki. Ilikuwa imembeba mwanamke kijana katikati ya dereva na mume wake, tumbo kubwa mno, kichwa kimelala begani. Nyuma walikuja wanawake kwa miguu, wakimfuata mama mkwe wake. Furaha alikuwa ameshasimama, ameshavuka ua.

Mtu mmoja kati ya wale wanawake alitutambua. "Yule ni Mama Muzalishi wa Kasongo."

Mama mkwe aliacha kila kitu akaja mkekani, akapiga magoti. "Mama, tusaidie. Ni mapasa, watoto wawili."

Mama Muzalishi alimshika mkono. "Simama, mama yangu. Mi nimekunywa. Muzalishi iko ndani."

Yule mama alikitazama kikombe, akamtazama Furaha akiingia mlangoni. "Yule mutoto?"

"Yule mutoto."

Aliondoka bila kuaga, na uso wake sitausahau. Nami, nisiseme uongo, nilikuwa upande wake. Nilijua sheria ya Mama, lakini nilidhani sheria ni kwa ajili ya siku za kawaida.

Tulikaa. Hakuna aliyegusa chakula. Tulisikia sauti ya Furaha ikitoka ndani, ndogo, sawasawa, na tukasikia mtoto wa kwanza akilia. Wanawake walianza vigelegele, wakavikata katikati, kwa sababu mtu aliwapungia mkono kutoka dirishani. Wa pili alikuwa bado. Kivuli cha nyumba kilivuka mkeka kikafika katikati ya ua.

Furaha alitokea mlangoni. Mikono ilikuwa imelowa, ameinyoosha mbele, na alimtazama Mama Muzalishi moja kwa moja juu ya vichwa vya watu.

"Unaniangalia nini?" Mama alimwambia kwa sauti ileile ndogo. "Mutoto hayuko huku."

"Mama, amelala kwa upande."

"Mikono yako inasema kichwa kiko wapi?"

"Kuume."

"Basi unajua. Rudi."

Furaha aligeuka akarudi ndani. Niligeuka kumwambia Mama neno ambalo pengine ningejutia, na nikamwona. Alikuwa amekalia mikono yake. Ameiweka chini ya mapaja, kama mtoto aliyekatazwa kushika kitu, ili asisimame. Papa Fundi alikuwa amesogea, bega lake limegusa la mke wake. Niligeuza uso, nikatazama mlango wa kituo.

Tulichosikia baadaye ni Furaha. Alikuwa akimwambia yule mwanamke, taratibu, kwamba yeye yuko hapa, na yeye mwanamke afanye kazi yake. Kisha kelele moja kubwa ya mama, na nyuma yake kilio chembamba, cha hasira, cha mtoto aliyechelewa. Safari hii hakuna aliyevikata vigelegele. Vilitoka kituoni vikaingia nyumbani kwa watu, na watu wakatoka mashambani wakiuliza kuna nini. Mama mkwe alikuwa akicheza katikati ya ua, kanga imemdondoka, hajali.

Mama Muzalishi alitoa mikono chini yake. Ilikuwa imepigwa mistari ya mkeka. Aliitazama, akavuta sahani ya mume wake, akaanza kula kuku huku machozi yanamtoka, na hakuyafuta. Papa Fundi alimsogezea uyoga.

Furaha alipotoka, mama na watoto wakiwa salama, aliketi kizingitini. Mama Muzalishi alisimama wakati huo tu. Alichota maji kwa kata, akammiminia mikononi, akamwosha yeye mwenyewe, kidole kwa kidole.

"Ungenisaidia," Furaha alisema. Hakuwa anauliza, wala hakuwa anashitaki.

"Nilisikia sauti yako. Mutu mwenye kupotea hasemi namna ile." Akamfuta kwa kitenge chake. "Na kama ungepotea, ningesikia pia. Sheria yangu ingekuwa imekufa leo, na ningekuwa ndani. Lakini haukupotea."

Kesho yake asubuhi mama mkwe alikuja na jogoo na kikapu cha mchele. Alisimama nje akabisha hodi, "Mama Muzalishi iko?" Wanawake wawili waliinua vichwa pamoja. Mkubwa alikuwa na kikombe cha malafu ya asubuhi mkononi, na hakukiweka chini.

"Nenda," alimwambia Furaha. "Iko anakuita weye."

Walikaa Lusangi mpaka siku zao zikaisha, wakala vyote ambavyo mahali pale palikuwa navyo. Papa Fundi alimfundisha Furaha kupunguza pilipili. Mgema alikuja kila asubuhi, na siku ya mwisho alizungumza: alimwambia Mama kwamba mti wake mmoja ameupa jina. Hakusema jina gani, lakini Mama alicheka siku nzima.

Siku ya kurudi watu walitusindikiza mpaka nyumba ya mwisho. Nilimbeba Mama, mwenzangu akambeba Papa Fundi mbele yetu. Tulipofika njia panda, mwenzangu alisimama kutungoja, nami nikapinda kushika njia ya kwetu. Mama alinigonga begani.

"Huku siko tunaenda."

"Mama, Kasongo iko upande huu."

"Najua Kasongo iko wapi. Geuza. Tunaenda Kabambare."

"Na kazi? Konji imeisha."

"Nimewatumia habari kule materniti. Kuna wasichana wawili pale niliowafundisha sawa na Furaha. Sikuwaachia nafasi tu."

Papa Fundi alikuwa amesikia. Alimtazama mke wake kama anayetaka kusikia mara ya pili. "Kabambare watakuita," alimwambia. "Watakaa mlangoni."

"Watakaa. Nitawapa kiti, nitawaonyesha nyumba ya mzalishi wao, nitarudi kula." Akanigonga tena. "Mwanangu, tunangoja nini?"

Tuliingia Kabambare soko likiwa limejaa. Alishuka kabla sijazima injini, akapita katikati ya watu waliokuwa tayari wakimsalimu na kumnyooshea mikono, akawajibu wote bila kusimama, mpaka penye moshi wa nyama ya mbuzi. Hapo akageuka, akamwita mume wake aje achague paja.